Anayeomba chai ni mama yupi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mama yangu ana miaka 76, naishi naye hapa Umoja, Nairobi. Ana ugonjwa wa kusahau, huu ni mwaka wa nne. Alibatizwa akawa Msabato mwaka 1974, na tangu siku hiyo, kwa ajili ya imani yake, hakuonja chai ya majani. Kwetu ni soya na uji. Ugonjwa ulipoanza, akili zake zikiwa bado zimetulia, alinishika mkono akasema, "Hata nikisahau jina langu, usiniache nianguke." Nikamwahidi. Sasa jirani akichemsha chai, harufu ikiingia, mama anaenda kusimama mlangoni na kuiomba. Mimi ananiita "mama". Alilelewa kwenye kambi za wafanyakazi wa chai Kericho, babake akiwa mchumaji, na siku hizi anasimulia mambo ya huko kana kwamba ni ya jana. Dada yangu anasema mpe tu, huyo si mama, mama alishaenda. Mjomba anasema usithubutu, mama yuko humo ndani mzima, ugonjwa ndio unaoongea. Nimsikilize nani? Na huyu anayeomba, ni mama?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilisoma pale tu uliposema anakuita "mama". Nitaparudia.

Nitangulize jibu ili usisome kwa wasiwasi: anayeomba ni mama yako, na chai mpe. Lakini hayo ni majibu mawili, na la pili halizaliwi na la kwanza. Hapo ndipo dada yako na mjomba wanapokosea pamoja. Wanabishana, ila wamekalia mkeka mmoja. Wote wanaamini kuna wawili: mama halisi, na mwingine anayetumia mdomo wake. Mmoja anasema yule halisi ameondoka, mwingine anasema amejificha. Kisha kila mmoja anadhani akishajua aliko, suala la chai limekwisha.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa. Tuna "yuleyule" na tuna "vilevile". Kikombe kikivunjika ukanunua kingine soko la Gikomba cha rangi hiyo hiyo, utasema kiko vilevile, lakini hutasema ni kilekile. Ukikutana katika barabara ya Tom Mboya na mtu mliyesoma naye darasa la tatu, sasa ana kipara na kitambi, hayuko vilevile hata kidogo, lakini ni yuleyule aliyekuibia penseli, na unaweza kumdai. Wanafalsafa wametumia kurasa nyingi kutenganisha mambo haya mawili, sisi tunayatenganisha sokoni. Mama yako hayuko vilevile. Dada yako anaposema "si mama tena", ameruka kutoka hapo hadi "si yuleyule", na mruko huo hajaulipia.

Sasa, ni nini kinachomfanya mtu awe yuleyule leo na miaka hamsini iliyopita?

Serikali ina jibu lake, limo kwenye kitambulisho: alama za vidole. Jibu la mwili. Wasomi hulidharau, lakini mwanafalsafa Eric Olson alilitetea kwa nguvu katika kitabu cha mwaka 1997. Kwake, sisi ni wanyama, wanyama wa aina ya binadamu, na mnyama huyu anaendelea kuwapo maadamu mwili wake unaendelea na kazi ya kuishi: kupumua, kusaga chakula, kuziba kidonda. Kukumbuka si sharti. Mtoto mchanga hatabaki na kumbukumbu hata moja ya siku zake za kwanza, na hakuna mzazi anayesema mwanangu alianza kuwapo alipotimiza miaka mitatu. Kwa kipimo hiki, mama ni yuleyule, hakuna mjadala, na binafsi naona kipimo hiki kinatosha kwa swali la "ni nani huyu?"

(Hapa kuna mtu atadakia: mbona mwili wenyewe hubadilika wote, kama matatu iliyotiwa injini, bodi na viti vipya kwa mafundi wa Grogan hadi ikabaki na namba tu? Mfano huo ni mkongwe, Plutarch, mwandishi wa Ugiriki ya kale, aliutoa kwa meli ya Theseus iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja, na nakiri nimeuchoka. Ni kweli chembe nyekundu za damu huishi siku kama 120 tu. Lakini chembe za neva kwenye gamba la ubongo, kwa sehemu kubwa, ni zilezile za tangu utotoni. Ndizo ugonjwa wa mama unazoziua, na hazina spea.)

Jibu la mwili halimtoshi dada yako, na namwelewa. Anachomlilia hakiko kwenye vidole. Anamlilia yule aliyekuwa akijua majina ya wajukuu wote. Kwa hiyo twende kwa John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, maana dada yako, bila kujua, ni mwanafunzi wake.

Locke aliandika kuhusu jambo hili katika sura aliyoiongeza kwenye toleo la pili la kitabu chake kikuu, mwaka 1694. Alitutaka tuwazie nafsi ya mwana wa mfalme ikihamia katika mwili wa fundi viatu, ikiwa na kumbukumbu zake zote za ikulu. Majirani watamwona fundi yuleyule. Lakini wa kuulizwa juu ya matendo ya mwana wa mfalme ni nani? Ni huyu aliyeamka akiyakumbuka, akasema Locke. Mwili ni wa fundi, ila mwenye kuwajibika ni mwana wa mfalme. Kwake, neno "mtu" ni neno la mahakamani: linamtaja yule anayeweza kusifiwa au kulaumiwa kwa alichofanya, kwa sababu anakijua kuwa ni chake. Na mahakama aliyoifikiria hasa ni ile ya Siku ya Hukumu. Alitaka kujua ni vipi atakayefufuliwa atakuwa yuleyule aliyelala.

Mama yako na Locke wangekaa meza moja wangeelewana kuliko unavyodhani. Wasabato hufundisha kwamba mwanadamu hana roho inayotoka na kuendelea kujua mambo mahali pengine. Aliyekufa amelala hadi ufufuo. Ndiyo maana ile kauli ya mjomba, kwamba kuna mama mzima amekaa ndani akituchungulia nyuma ya ugonjwa, sidhani mama mwenyewe angeipokea. Anamfariji mgonjwa kwa imani ambayo mgonjwa hakuwa nayo.

Sasa mpime mama kwa kipimo cha Locke, uone maajabu. Anakumbuka kambi. Anakumbuka baridi ya alfajiri na babake akitoka na kikapu mgongoni. Ubatizo wa 1974 haukumbuki, wala miaka yote ya Sabato iliyoufuata. Hivyo ndivyo magonjwa haya yanavyofanya mara nyingi. Mfaransa Théodule Ribot aliliandika jambo hilo mwaka 1881, kwamba kumbukumbu mpya hutangulia kupotea na za kale huchelewa. Basi ukimfuata Locke neno kwa neno, aliyesimama mlangoni ni yule msichana wa Kericho, na yule Msabato aliyeweka nadhiri ni mtu mwingine. Ndiyo maana, nadhani, anakuita "mama". Kwake kumepambazuka, baba ameshatoka, na mwenye sufuria ni mama yake.

Jambo hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote nitakayosema. Mjomba anasema ugonjwa ndio unaoongea. Ugonjwa haukulelewa Kericho. Ugonjwa unaweza kufuta, unaweza kuchanganya, unaweza kumtia mtu hasira asizokuwa nazo. Lakini hauwezi kubuni hamu ya chai ya utotoni. Hiyo ni ya mama, ya kabla hujazaliwa. Unachokiona si mgeni aliyevamia. Ni mama katika umri ambao wewe hukuwahi kukutana naye.

Locke mwenyewe hawezi kuachwa hivyo, maana anatuletea watu wawili ndani ya gauni moja. Mwanafalsafa Thomas Reid wa Scotland alimkamata kwa kisa mwaka 1785. Kuna mvulana aliyechapwa shuleni kwa kuiba matunda. Akakua akawa ofisa kijana aliyeiteka bendera ya adui. Akazeeka akawa jenerali. Ofisa alikumbuka kuchapwa. Jenerali anakumbuka bendera, lakini kuchapwa amesahau kabisa. Kwa kanuni ya Locke jenerali ni ofisa, ofisa ni mvulana, lakini jenerali si mvulana. Haiwezekani. Mama yako ameupindua mfano huo juu chini: jenerali wetu anakumbuka fimbo, bendera ndiyo aliyoisahau.

Waliokuja baadaye waliziba ufa kwa kusema si lazima leo ikumbuke kila siku iliyopita. Inatosha siku zishikane mkono, leo na jana, jana na juzi, kama mnyororo. Aliyeufikisha mbali mnyororo huo ni Mwingereza Derek Parfit, katika kitabu chake cha mwaka 1984. Hoja yake iliyowakera wengi ni kwamba tunahangaika mno na swali la "ni yeye au si yeye", kana kwamba lazima kuwe na ndiyo au hapana, na kana kwamba hilo ndilo lenye thamani. Vyenye thamani ni viungo vyenyewe: kumbukumbu, nia, tabia, mapenzi. Navyo vina kiasi.

Fikiria neno "ndugu". Hapa kwetu ndugu ni wa tumbo moja, ni binamu, ni wa ukoo, ni wa kanisa. Mtu akikwambia "huyu ni ndugu yangu" hujajua mengi bado. Utauliza ni wa karibu kiasi gani. Parfit anataka tuulize hivyo hivyo kuhusu mtu na siku zake mwenyewe. Mama wa leo na msichana wa Kericho ni wa karibu sana. Mama wa leo na Msabato wa 1998 wako mbali, lakini udugu haujakatika. Hukuniambia kama bado anaimba. Wagonjwa wengi hubaki na nyimbo baada ya majina kwenda. Mwanzishie wimbo mmoja wa Ijumaa jioni, wakati wa kufungua Sabato, uone kama ataumaliza.

Parfit huyohuyo ana kisa ambacho kama angelikuwa Umoja angekisimulia kwa ajili yako. Kijana Mrusi wa karne ya 19 anajua kwamba miaka ijayo atarithi mashamba makubwa. Anaamini ardhi ni ya wakulima. Anajijua pia, kwamba uzee na mali hulainisha imani. Basi anaandika hati ya kuigawa ardhi, na kumwambia mkewe: ni wewe pekee unayeweza kuitengua, nikija siku moja kukuomba uitengue, kataa, maana huyo hatakuwa mimi. Mke anaahidi. Miaka inapita, mume anakuja, ana mvi na sababu zake, anaomba. Mke anaona kwamba aliyempa ahadi ni yule kijana, na huyu mwenye mvi hana uwezo wa kumfungua.

Kisa hiki kingempa mjomba ushindi, kama visa hivi viwili vingekuwa sawa. Havilingani. Yule Mrusi alibadili mawazo macho wazi. Alijua alichokiamini zamani, akakipima, akakiacha. Kuna usaliti pale, na mke ana mtu wa kumlinda dhidi yake. Mama hakuacha chochote. Hajui kama kuna cha kuacha. Na tazama maneno yenyewe uliyoahidi. Hakusema "usinipe chai". Alisema "usiniache nianguke". Kuanguka, kwa watu wa imani yake, ni kujua njia na kugeuka. Locke aliona mapema kwamba sheria za wanadamu hazimwadhibu mwenye akili timamu kwa alichofanya alipokuwa na wazimu, kana kwamba ni watu wawili. Si lazima tukubali kwamba ni wawili ili tukubali kwamba deni halihamishwi. Kikombe cha leo hakiwezi kuandikwa kwenye daftari la yule aliyebatizwa.

Hoja hii ina upande wa pili, nao si mdogo. Ronald Dworkin, mwanasheria wa Marekani, aliandika mwaka 1993 juu ya mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kusahau, aliyemtaja kwa jina la Margo, mwanamke mwenye furaha ya vitu vidogo vidogo. Dworkin akasema maisha ya mtu ni kitu kizima chenye umbo, na aliyelichonga umbo hilo ana haki ya kulikamilisha. Kwa hiyo neno lake la zamani lina mamlaka kuliko tamaa za leo. Rebecca Dresser alimjibu mwaka 1995 kwamba aliye mbele yetu ndiye anayeumia na kufurahi sasa, na huwezi kumtesa kwa heshima ya mtu ambaye hawezi hata kumkumbuka. Mwaka 1999 Agnieszka Jaworska akaongeza jambo ninalolipenda: tuache kudhani mgonjwa ana tamaa tu. Wengi bado wanathamini vitu, hata wakiwa hawawezi kueleza kwa nini.

Kwa mama yako, nakiri, chai haikuwa tamaa ndogo. Karibu miaka hamsini ya kupita kwenye harusi na matanga ya Kenya bila kupokea kikombe si mchezo. Hilo lilikuwa sehemu ya umbo. Dworkin angenishika shati hapo. Ninachomjibu ni hiki: nadhiri hushikwa na anayeijua. Wewe ukimzuia mlangoni, haishiki yeye. Ni wewe unayeishika kwa kutumia mwili wake. Aliyefungiwa mlango hajafunga. Na ile miaka yake imekwisha kutimia, haimwagiki kwa sababu ya kikombe cha leo. Angekuwa anaomba kisha anatetemeka, anashika kinywa, anauliza kama ni dhambi, ningekwambia vingine, maana hapo yule Msabato bado yupo na anasema. Mtazame usoni. Ukiona hivyo, mpe soya, na barua hii uisahau.

Umeniuliza kama mwalimu wa Nairobi, basi siwezi kufunga bila John Mbiti, mwanafalsafa wetu aliyezaliwa Kitui. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 alichukua maneno yetu mawili, sasa na zamani, akasema aliyekufa haingii zamani siku ya kuzikwa. Hubaki katika sasa maadamu yupo mtu aliyemjua na anayemtaja kwa jina. Alisema pia kwamba mimi nipo kwa sababu sisi tupo. Mbiti alizungumzia wafu, lakini naona kanuni yake inawafaa zaidi walio hai na waliosahau. Mama hawezi tena kujibebea 1974. Wewe unaibeba, na kanisa lake linaibeba.

Ila kuna kona moja ya hatari. Ifeanyi Menkiti wa Nigeria, mwaka 1984, aliisukuma fikra hiyo hadi kusema utu hupatikana polepole ndani ya jamii, na mtu anaweza kushindwa kuufikia. Kama unapatikana, basi si unaweza kupotea? Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga mwaka 1992: jamii humlea mtu, lakini haimpi utu wake, na haiwezi kumpokonya. (Mbiti, Menkiti na Gyekye, wote watatu walituacha mwaka mmoja, 2019.) Mimi niko na Gyekye, na si kwa sababu za vitabuni tu. Nimeona sentensi ya "mama alishaenda" ikianzia kwenye chai na kuishia kwenye hati ya shamba. Mwambie dada yako kwa upole asiizoee.

Kwa hiyo mpaka nauweka hivi. Pale ambapo mama wa leo ana neno lake, na neno hilo halimdhuru, msikilize wa leo. Pale ambapo wa leo hana neno lolote, la zamani linasimama peke yake: ibada, michango ya kanisa, wapi azikwe. Hili la mwisho liwekeni kwenye maandishi na mashahidi kama alilisema. Sisi tuliokuwa Nairobi mwaka 1987 tunakumbuka mwili wa wakili S. M. Otieno ulivyokaa mochari miezi mitano, mjane akisema mumewe alitaka kuzikwa huku, ukoo ukitaka azikwe Siaya, na Profesa Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi akiitwa kutoa ushahidi. Mwishowe ukoo ulishinda. Alichokitaka mtu asipokuwepo hakijitetei.

Washiriki wakija kumwona Jumamosi mchana, ficha chupa ya chai. Huo si unafiki. Jina lake bado liko mikononi mwao, na ukimfunika mtu asiyeweza kujifunika hujamdanganya yeyote. Na uulize kliniki kama chai inapatana na dawa zake na usingizi wake. Jioni pengine isiwepo kabisa.

Asubuhi usimpe ya kifuko kinachoning'inia kikombeni, hataijua. Weka sufuria, maji, majani, na maziwa ukijua walikuwa nayo huko kambini; kama hujui, muulize kama anataka ya maziwa au turungi. Mwache akae karibu na jiko inapochemka. Ipoe kidogo kabla hujamkabidhi, mikono ya umri huo haina uhakika. Na akikuita "mama", itika.